Likizo ya Kujipikia Bagamoyo: Tazama Mwezi, Gawaneni Zamu

Wanachuo wengi tunaamini kwamba likizo ya ufukweni ni ya watu wenye hela. Hoteli, chakula cha hotelini, usafiri wa kukodi: bumu lote linaisha Ijumaa usiku. Lakini kuna namna nyingine ya kula bata. Watu sita mnapanga nyumba ndogo Bagamoyo kwa siku tatu, mnajipikia wenyewe na mnatembea kwa miguu. Nimeshaenda hivyo mara mbili na wenzangu. Nilichokiona ni kwamba likizo ya aina hii inasimama kwa mambo mawili: kujua saa za bahari na kugawana kazi za jikoni kwa haki.

Tuanze na nyumba. Bagamoyo ipo kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, na mabasi hupitia Tegeta, Bunju na Mapinga. Tafuteni nyumba yenye maji ya uhakika, jiko la gesi au mkaa, na mlango unaofungika vizuri. Friji ikiwepo ni bahati. Ulizeni mapema kama kuna sufuria na mbuzi ya nazi. Kama hakuna, bebeni. Mchele, mafuta na sabuni mnaweza kutoka navyo Dar, ila samaki, nazi na ndimu mtavikuta hukohuko.

Sasa bahari. Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunapata bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Siku hizo maji hukupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi jioni. Baada ya kama wiki moja yanakuja maji mafu, na saa zinakuwa karibu kinyume.

Hili lina maana kubwa, kwa sababu ufukwe wa Bagamoyo hauna kina. Maji yakikupwa unaweza kutembea mbali bila kulowa magoti, lakini kuogelea sahau. Ndiyo maana sisi tulichagua siku za bamvua: asubuhi kutembea, jioni kuogelea.

Matembezi ya kwanza yawe magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, penye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe. Bahari iliyokuwa karibu sasa imezibwa na mikoko. Nendeni kwa barabara, kwa miguu au baiskeli. Msikate njia ndani ya mikoko maji yakianza kujaa, maana yanaweza kuingia kwenye vijito nyuma yako kabla hujayaona mbele. Siku nyingine zungukeni Mji Mkongwe: Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Mkipita mjini kutoka kuogelea, jifungeni kanga au vaeni nguo kamili. Huo ni mji wa watu. Na kaskazini, kwenye mdomo wa mto Ruvu, msiogelee kabisa. Kuna mamba na viboko.

Samaki wanauzwa ufukweni. Waulizeni wavuvi jioni yake mashua zitaingia saa ngapi. Kabla ya kutaja bei mnadani, sikilizeni kwanza wawili watatu wakiuzwa. Samaki mzima macho yake yanang'aa, mashavu ukiyafunua ni mekundu, na nyama ukiibonyeza inarudi. Kama hamna friji, nunueni wa siku hiyo tu, wapareni, wapakeni chumvi na ndimu, muwakaange mapema. Kilo moja ya mchele na nazi mbili zinatosha watu sita. Tui zito wekeni pembeni, pikieni tui jepesi, kisha lile zito liingie mwishoni huku mnakoroga, lisikatike.

Hapo ndipo swali la nani anakoroga linapokuja. Safari ya kwanza hakuna aliyepanga, lakini wasichana tulijikuta jikoni na kaka zetu ufukweni. Tulirudi chuo sisi na harufu ya moshi, wao na picha. Safari ya pili tuliandika zamu kabla ya kulipa nauli: jozi tatu, kazi tatu. Wawili soko na kupara samaki, wawili kupika, wawili maji, vyombo na usafi. Kila siku jozi zinabadilishana, na siku ya tatu kila mtu ameshafanya zote. Kaka mmoja aliyedai hajui kuchuja tui alikuwa amejua ilipofika Jumamosi mchana.

Sisi wa elimu kila muhula tunaandika kwenye mitihani kwamba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi ya mikono iende pamoja na masomo. Likizo hii ni rahisi kwa bei kwa sababu sehemu ya gharama inalipwa kwa mikono, na haifai ilipwe na mikono ya wasichana peke yao.

Kwa hiyo bumu likitoka, tazameni mwezi mchague tarehe, kisha chukueni karatasi muandike zamu. Asiyetaka jina lake liandikwe, mrudishieni mchango wake mapema.