Kupachua Mfumo wa Mafaili katika Unix

Umount ni mojawapo ya miito ya mfumo wa Unix, yaani ombi ambalo programu hulipeleka kwa kiini cha mfumo ili kitende jambo ambalo programu yenyewe haina mamlaka ya kulitenda. Wito huu ni wa kale. Pamoja na mwenzake, mount, umo katika mwongozo wa kwanza wa Unix uliotolewa Bell Labs mwezi wa Novemba 1971. Mtu akiufasiri kwa neno "kuondoa", msomaji atadhani kwamba mafaili yanafutwa. Na sivyo hata kidogo.

Katika Unix mafaili yote hupangwa katika mti mmoja. Diski nyingine ikiletwa, mount huupachika mti uliomo ndani yake penye saraka fulani, yaani orodha ya mafaili, ya ule mti mkubwa. Tangu hapo mtumiaji hauoni mshono. Kwa umount tawi hilo hutoka zima, na yaliyokuwamo katika saraka ile hapo kwanza, ambayo yalikuwa yamefichwa tu, huonekana tena.

Basi kinyume kifaacho ni kile cha vitenzi vya kutendua: bandika na bandua, ezeka na ezua, anika na anua. Aanuaye nguo hazichani. Pachika na pachua vimo katika kundi hilo, na kwa maoni yangu ndivyo vya kuchaguliwa.

Lakini kupachua kuna masharti. Yaandikwayo hayafiki diskini papo hapo, bali hukaa kwanza katika kumbukumbu ya mashine. Kiini kikipokea umount huyamaliza yaliyosalia, ndipo kiiachie diski. Aichomoaye kwa mkono pasipo wito huu aweza kuikuta barua yake nusu, au mti mzima umevurugika. Tena ikiwa faili moja tu li wazi, au programu moja imekaa ndani ya tawi, kiini hukataa kwa jibu la EBUSY, ndiyo kusema pangali na shughuli.

Haja ya kupachua iliathiri hata sheria nyingine. Mwaka 1974 Dennis Ritchie na Ken Thompson, walipoueleza mfumo wao, walisema faili la mti mmoja haliwezi kupewa jina la pili ndani ya mti mwingine uliopachikwa. Sababu yao ilikuwa hesabu ndefu ambayo ingehitajika ili kuhakikisha majina hayo yanaondolewa siku ya kupachua.

Linux ina wito mwingine, umount2, ambao ukipewa alama ya MNT_DETACH huifunga njia ya kuingilia mara moja, bali kuachana kwenyewe hungoja mpaka shughuli zikome. Hapo "kupachua" hupwaya, na afadhali mfasiri aseme "kutenga", maana tawi limekwisha kutoweka machoni, na bado kiini kinalishikilia.