Kutoka Ngome ya Lugard hadi Barabara ya Kira: Jengo, Mkusanyo na Umiliki katika Historia ya Makumbusho ya Uganda

Utangulizi

Kutoka mzunguko wa barabara wa Mulago, ukiiacha hospitali nyuma na kuifuata Barabara ya Kira kuelekea Kamwokya, hufiki mbali kabla ya kuyakuta Makumbusho ya Uganda. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1954, lakini taasisi yenyewe ilianza mwaka 1908, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa makumbusho kongwe kuliko yote katika Afrika Mashariki. Makala hii inaeleza jinsi mkusanyo uliowekwa kwanza katika nyumba ya kikoloni juu ya kilima kingine ulivyohama mara mbili, na jinsi kila uhamisho ulivyobadili maana ya vitu vilivyomo. Hoja inayoongoza maelezo haya ni kwamba mijadala ya urithi nchini Uganda imechanganya mara nyingi mambo matatu yanayostahili kutenganishwa: hifadhi ya jengo, hifadhi ya vitu, na haki ya kuvimiliki.

Nyumba ya mayembe

Kapteni Frederick Lugard, akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki, aliwasili Buganda mwezi Desemba 1890 na kupiga kambi juu ya kilima ambacho leo huitwa Kampala Kongwe. Kambi hiyo ikawa ngome, na ngome ikawa kitovu cha utawala kabla ya shughuli za serikali kuhamia kwingineko. Mwaka 1907 George Wilson, aliyekuwa ofisa wa ngazi ya juu katika utawala wa himaya, alitoa wito kwamba vitu vya asili vyenye thamani ya kihistoria na kielimu vikusanywe. Mwaka uliofuata vitu hivyo viliwekwa ngomeni, katika nyumba ndogo.

Ni muhimu kukumbuka ni nani aliyekusanya. Maofisa wa wilaya, wamisionari na machifu waliokwisha kupokea dini mpya ndio waliokuwa na uwezo wa kuvipata vitu vya ibada, na baadhi ya vitu hivyo havikutolewa kwa hiari. Hirizi, vyombo vya mahekalu na pembe zilizojazwa dawa zilikuwa sehemu kubwa ya kilichoonekana rafuni. Wenyeji wa Kampala waliipa nyumba ile jina lake sahihi kwa mtazamo wao: Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe, zile ambazo huaminika kuwa makao ya pepo.

Jina hilo halipaswi kuchukuliwa kama dhihaka tu. Kiswahili kimelipata neno makumbusho kutokana na kitenzi kukumbusha, na msamiati huo humwelekeza msikilizaji kwenye yaliyopita. Jina la Kiganda lilisema kinyume chake: kwamba vilivyomo ndani bado vina nguvu, na kwamba serikali ilikuwa imeviweka kizuizini, tena ndani ya ngome ya kijeshi. Kwa maoni yangu, hakuna maelezo ya kitaalamu yaliyokwisha kutolewa kuhusu makumbusho ya kikoloni yanayozidi jina hilo kwa ufupi na usahihi.

Makerere, kisha Kitante

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mkusanyo ulihamishiwa Makerere, chini ya uangalizi wa Margaret Trowell, mwanzilishi wa mafunzo ya sanaa chuoni hapo. Vitu vilivyoitwa vya kichawi vikaanza kutazamwa kama kazi za ufundi: ususi, ufinyanzi, uhunzi, nguo za magome. Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyezaliwa Berlin na kuihama Ujerumani ya Wanazi, akawa msimamizi wa kwanza wa kitaalamu mwaka 1948. Yeye na Trowell walichapisha mwaka 1953 kitabu kikubwa kuhusu ufundi wa makabila ya Uganda. Wachsmann alishikilia pia kwamba ala za muziki zinapaswa kupigwa, na wanamuziki waliajiriwa kuzipiga mbele ya wageni.

Jengo la Kitante lilichorwa na Ernst May, msanifu wa Frankfurt ambaye, baada ya kufanya kazi katika Umoja wa Kisovyeti, hakuweza kurudi kwao na akaja Afrika Mashariki mwaka 1934. May ndiye aliyechora pia mpango wa upanuzi wa Kampala katika maeneo ya Kololo na Naguru. Hivyo taasisi iliyozaliwa ngomeni mwa Mwingereza ilipata sura yake ya kisasa mikononi mwa Wajerumani wawili waliofungiwa milango ya nchi yao. Kwa mara ya kwanza mkusanyo ulikaa katika nyumba iliyokusudiwa kwa ajili yake.

Ardhi na sheria

Nyumba ya kwanza haikupata bahati hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masalia ya ngome yalibomolewa kupisha ujenzi wa Msikiti wa Taifa, na mfano wake ukajengwa mahali pengine kilimani. Sheria ya Minara ya Kihistoria ya mwaka 1967 ilikuwepo wakati huo.

Mwaka 2011 zamu ilifikia jengo la Kitante. Serikali ilitangaza nia ya kujenga hapo kituo cha biashara cha Afrika Mashariki chenye ghorofa 60, huku makumbusho yakiahidiwa nafasi ndani ya mnara huo. Asasi za kiraia zilifungua kesi, na mradi haukutekelezwa. Watetezi wa mpango walidai kwamba vitu vingekuwa salama. Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyokubaliwa na wanahifadhi, kwa kuwa mkusanyo umekwisha kuhama mara mbili na kunusurika. Kasoro yake ni kudhani kwamba jengo ni kasha tu. Pale ngomeni, nyumba ndiyo iliyoamua vitu vingeitwa nini.

Swali la umiliki ni gumu zaidi. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe na kupelekwa Cambridge, kisha yakarejeshwa Uganda wakati wa uhuru. Yaliingia makumbusho, si hekaluni Mbaale. Mwezi Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilituma vitu 39 Kampala, vingi vikiwa vya mkusanyo wa Roscoe huyo huyo. Magazeti yaliandika kwamba vimerudi nyumbani, ilhali kisheria vilikuja kwa mkopo wa miaka 3 unaoweza kurefushwa.

Washauri wa sera watakaoshiriki katika mazungumzo yajayo watahitaji kuamua mapema ni nani atakayeketi upande wa Uganda: wizara yenye dhamana ya utalii na mambo ya kale, ufalme wa Buganda na falme nyingine, au koo ambazo majina ya mababu zao yamo katika daftari za mkusanyaji. Muda wa kwanza wa mkopo unakwisha mwaka 2027.