Bakteria Wanapopanda Utumbo Mwembamba

Mkazi wa Nyasubi, mjini Kahama, ambaye tumbo hujaa gesi kila anapokula ana njia aliyoizoea. Hupita duka la dawa, huchukua omeprazo kwa kuamini ana vidonda vya tumbo, na asipopata nafuu huongeza metronidazo. Wapo wanaorudia hivyo mwaka hadi mwaka. Mazoea haya yananitia wasiwasi, hasa kwa mtu ambaye shida yake ni bakteria waliozidi katika utumbo mwembamba.

Sehemu ya juu ya utumbo huo kwa kawaida haina hata bakteria 1,000 katika mililita moja ya majimaji, ilhali utumbo mpana hubeba mabilioni kwa mabilioni. Asidi ya tumboni huua vijidudu vingi tunavyomeza na chakula. Kisha, mtu anapokaa bila kula, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi misuli hujikunja kwa wimbi linalosukuma mabaki kwenda chini, kama ufagio unaopita uani. Kisukari cha muda mrefu huweza kuharibu neva zinazoendesha wimbi hilo. Makovu ya upasuaji hubana njia. Omeprazo nayo, ikimezwa miezi na miezi bila sababu, humdhoofisha mlinzi wa kwanza, yaani asidi.

Bakteria wakishapanda hukila chakula kabla ya mwenye mwili. Huchachusha wanga na kutoa gesi ya haidrojeni. Huharibu chumvi za nyongo, mafuta yakapita bila kufyonzwa na choo kikawa laini, chenye kung'aa na harufu kali. Huchukua pia vitamini B12. Hapo mgonjwa anaweza kupungukiwa damu na kuhisi ganzi miguuni, na ni nadra mtu kuihusisha ganzi hiyo na tumbo.

Lakini si kila gesi ni ugonjwa. Maharage, au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) tuliyoizoea Usukumani, humletea gesi hata mtu mwenye afya, kwa sababu sehemu ya wanga wake huchachukia utumbo mpana, mahali pake halali. Watu wazima wengi hawameng'enyi vizuri sukari iliyomo katika maziwa. Vimelea vya giadia na kichocho navyo huvuruga tumbo, na Kanda ya Ziwa vipo.

Kipimo kinachotumika sana duniani ni cha pumzi: mgonjwa hulala bila kula, hunywa glukosi, kisha hupuliza hewa mara kwa mara. Haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 katika milioni ndani ya dakika 90, ni ishara ya bakteria waliozidi. Usitarajie kukikuta zahanati, na hata kilipo huweza kukosea.

Kama kipimo ni adimu, kwa nini basi tusimpe kila mtu antibayotiki za kuua bakteria hao? Swali linalokaribiana na hili limeshajaribiwa nchini. Huko Haydom, wilayani Mbulu, watoto 1,188 waliingizwa katika jaribio kuanzia mwaka 2017. Baadhi walipewa azithromaisini wakiwa na miezi 6, 9, 12 na 15, na nitazoksanidi wakiwa na miezi 12 na 15, kwa matumaini kwamba vijidudu vikipungua tumboni watakua vizuri zaidi. Walipofika miezi 18, urefu wao haukuwazidi wenzao waliopewa dawa bandia. Hao ni watoto, na lengo halikuwa tatizo hili pekee. Hata hivyo nauona kuwa ushahidi mzito kwamba kufukuza vijidudu peke yake hakutoshi.

Fangasi je? Fangasi aina ya kandida huishi tumboni mwa watu wengi bila madhara, hivyo kuwakuta katika choo hakuthibitishi ugonjwa. Huongezeka hasa antibayotiki zinapoua bakteria waliokuwa wakiwabana. Ushahidi kwamba fangasi pekee ndio huleta gesi bado ni mwembamba. Utando mweupe mdomoni pamoja na maumivu ya kumeza ni jambo jingine: pima VVU mapema.

Ukienda kwa daktari, beba orodha ya dawa zote ulizomeza mwaka huu, za dukani na za mitishamba. Mweleze kama una kisukari au uliwahi kupasuliwa tumbo. Kukonda, damu kwenye choo au homa havisubiri. Na kama omeprazo uliandikiwa kwa sababu maalumu, tuseme kulinda tumbo kwa kuwa unameza diklofenaki kila siku kwa maumivu ya mgongo, usiiache mwenyewe. Muulize daktari kama bado unaihitaji, na kama hiyo diklofenaki nayo unaihitaji.