Je, Wajua? Mambo ya Ulimwengu Yasiyo na Jibu Bado

Je, wajua kwamba nyota zote, sayari zote, bahari na miili yetu, ukivijumlisha, ni takriban asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni? Asilimia 27 hivi ni maada giza, na 68 ni nishati giza. Majina yapo, ni vitu gani hasa, hakuna anayejua.

Je, wajua kwamba maada giza haijawahi kuonekana, bali hutambulikana kwa nguvu yake ya uvutano? Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi liitwalo Coma. Zilikuwa zinakwenda kasi mno, kiasi kwamba zingekuwa zimeshatawanyika zamani. Lazima kuna kitu kinazishikilia.

Je, wajua kwamba ushahidi mwingine ulipatikana kupitia Malindi? Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na mji huo. Kwa heshima ya siku ile, ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kupima eksirei za angani. Ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kila dakika 12, ikipekua anga ukanda kwa ukanda. Ikaonyesha kwamba makundi ya galaksi, Coma likiwemo, hutoa eksirei kwa wingi. Chanzo chake ni gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, iliyotanda baina ya galaksi. Kama kungekuwa na uzito wa vile tunavyoviona tu, gesi hiyo ingeshatoroka.

Je, wajua kwamba kasi ya kutanuka kwa ulimwengu ina majibu mawili? Ukianzia kwenye mnururisho uliosalia tangu ulimwengu ukiwa mchanga, unapata kilomita 67 hivi kwa sekunde kwa kila miaka nuru milioni 3.26. Ukipima kwa nyota zinazolipuka katika galaksi za karibu, unapata 73 hivi. Baadhi walidhani darubini ya Hubble, iliyotumika kupata hiyo 73, ndiyo iliyokosea. Darubini ya James Webb ikarudia vipimo vya Hubble vya nyota za Cepheid, zinazotumika kukadiria umbali wa galaksi hizo; vikalingana.

Je, wajua kwamba maada na kinyume chake zikikutana huangamizana? Mwanzoni maada ilizidi kwa chembe moja hivi katika kila bilioni. Ziada hiyo ndiyo sisi. Ilitoka wapi?

Je, wajua kwamba nyota kongwe zina kama theluthi moja tu ya lithiamu inayotarajiwa kutokana na hesabu za mwanzo wa ulimwengu?

Na je, wajua kwamba nishati giza huenda inapungua nguvu? Vipimo vya DESI, mradi wa kuchunguza nishati giza kule Kitt Peak, Arizona, vilivyotolewa 2024 na 2025, vinaashiria hivyo. Bado havitoshi kuitwa ugunduzi. Vikithibitika, itabidi hesabu za hatima ya ulimwengu zipigwe upya.