Uchovu wa Mgonjwa wa Figo si Uvivu: Wakazi wa Endebess Wahimizwa Kupimwa Mapema

Mahindi yanapokauka mashambani Endebess, kati ya Oktoba na Desemba, watu wa boma zima huitwa kuvuna. Huenda ni wakati huo familia inapotambua kuwa mmoja wao hawezi tena kazi aliyoizoea. Aliyekuwa akiinua gunia sasa hainuki kitini bila kushika meza. Akitembea hatua chache anapumzika. Wengine humwona mvivu, wengine husema ni uzee, na yeye mwenyewe hununua dawa ya malaria au ya maumivu dukani.

Uchovu una sababu nyingi, lakini kwa mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa sugu wa figo, dalili hiyo haifai kupuuzwa. Mara nyingi chanzo chake kinaweza kupimwa, na sehemu kubwa inaweza kutibiwa.

Figo zinahusiana vipi na misuli?

Wengi wanajua kuwa figo huchuja uchafu kwenye damu na kuutoa kwa mkojo. Hata hivyo, figo zina kazi nyingine ambazo misuli huzitegemea kila siku.

Kwanza, figo hutengeneza homoni inayoitwa erithropoietini, ambayo huamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Figo zikidhoofika, homoni hiyo hupungua na mgonjwa huishiwa na damu polepole. Damu ikiwa chache, misuli haipati oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana mgonjwa huhema anapopanda kilima kidogo na kuhisi baridi wenzake wanapoota jua.

Pili, figo husawazisha madini. Potasiamu ikizidi mwilini, misuli hulegea, hasa ya miguu. Moyo nao ni msuli, na potasiamu nyingi inaweza kuvuruga mapigo yake hadi ukasimama. Kalsiamu ikipungua, misuli hukaza na kuuma, mara nyingi usiku.

Tatu, figo huikamilisha vitamini D ili mwili uweze kuitumia kuimarisha mifupa na misuli. Pia huondoa asidi kwenye damu. Asidi ikirundikana, mwili huanza kuvunja nyama ya misuli yake wenyewe, na mtu hukonda mapaja na mikono hata kama miguu imevimba kwa maji.

Juu ya hayo, uchafu unaobaki kwenye damu huondoa hamu ya kula na kuharibu usingizi. Mgonjwa asipokula vizuri na akishinda amelala, misuli huzidi kupungua. Kadiri anavyodhoofika ndivyo anavyolala zaidi, na kadiri anavyolala ndivyo anavyodhoofika.

Vipimo vya kuomba

Ugonjwa wa figo hauna maumivu mwanzoni. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake bila kuhisi lolote. Vipimo vya msingi ni shinikizo la damu, sukari, protini kwenye mkojo, na kreatinini kwenye damu. Kwa aliyekwisha kugunduliwa na ambaye anachoka sana, ni vyema amwulize daktari kuhusu kiwango cha damu, madini ya chuma, potasiamu, kalsiamu na asidi.

Upungufu wa damu unaotokana na figo hutibiwa kwa madini ya chuma na sindano za homoni iliyopungua. Kunywa dawa za kuongeza damu bila kupimwa hakutoshi. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba huweza kupima shinikizo la damu na sukari, kisha kumwelekeza mkazi katika zahanati au Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Endebess.

Chakula na dawa

Vyakula vingi vya eneo hili vina potasiamu kwa wingi: ndizi, viazi, parachichi, maharagwe na mboga za majani. Si kwamba kila mgonjwa wa figo lazima aviache. Kiwango hutegemea vipimo vyake, na ni daktari au mtaalamu wa lishe anayempangia. Akiambiwa apunguze, viazi na mboga hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi, na maji hayo humwagwa.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya, maharagwe na mboga za kienyeji hulainishwa kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, maarufu kama musherekha. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Kwa mwenye figo zenye afya si tatizo kubwa, lakini mgonjwa wa figo atengewe sufuria yake.

Maumivu ya mgongo na viungo baada ya kulima huwafanya wengi kumeza diclofenac au ibuprofen kwa wiki nyingi mfululizo. Dawa hizi zinaweza kuharibu figo zaidi. Dawa za mitishamba ambazo hazijulikani kilichomo nazo ni hatari kwa mgonjwa. Kila anayekwenda kununua dawa amweleze mhudumu kwamba ana ugonjwa wa figo.

Wanaosafishwa damu

Usafishaji wa damu kwa mashine huchukua takriban saa 4 kila mara. Wagonjwa wengi hutoka wakiwa wamechoka, na baadhi huhitaji saa kadhaa ili wapate nguvu. Kwa anayetoka Chepchoina au Matumbei hadi Kitale, safari nayo huongeza uchovu huo. Familia impe nafasi ya kupumzika siku hiyo, na kazi ipangwe siku nyingine.

Uchovu huo usiwe sababu ya kukosa zamu. Potasiamu na maji hurundikana kati ya zamu moja na nyingine. Mgonjwa aliyekosa zamu kisha akahisi miguu haina nguvu, moyo unadunda ovyo, kifua kinauma au pumzi zinakatika, apelekwe hospitalini mara moja bila kusubiri kupambazuke.

Mgonjwa pia asikae tu. Kwa idhini ya daktari, anaweza kuanza kwa kutembea dakika 10 kwa siku na kuongeza taratibu. Kuinuka na kuketi kitini mara 10, asubuhi na jioni, huimarisha mapaja. Mkono uliotengenezwa mshipa wa mashine usibebe ndoo wala gunia, na usipimwe shinikizo la damu.

Gharama

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF. Usafishaji wa damu ni miongoni mwa huduma zinazogharamiwa kwa waliojisajili na kulipa michango yao. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au katika kituo cha afya. Ni heri kujisajili na kulipa kabla ya kuugua, kwa kuwa mgonjwa wa figo hawezi kusubiri karatasi zikamilike.

Kwa familia yenye mtu anayechoka kila siku, hatua ya kwanza haigharimu mengi: asisimangwe, apelekwe kupimwa.