Kofia ya NY unayo, lakini mchezo wenyewe waujua?

HUENDA uliinunua Gikomba, au uliazima kwa kaka yako na hadi leo hujairudisha. Kofia yenye herufi N na Y zilizoshikana. Umepiga nayo picha ukaposti, ukapata sifa. Lakini mtu akikuuliza inahusu nini, unasema “New York” halafu unabadilisha mada.

Basi sikiza. Hiyo ni nembo ya Yankees, klabu ya besiboli ya New York. Na mchezo wao una kisa ambacho kijana yeyote anayekimbizana na ndoto anafaa kukijua.

Tuanze na mambo ya msingi. Mrushaji husimama kwenye kichuguu, mita 18.44 kutoka kituo anaposimama mpigaji. Kazi yake ni kumpitishia mpira. Mpigaji akikosa mara tatu, hiyo ni straiki tatu, yuko nje. Lakini naye ana gongo mkononi, na ndoto yake ni homurani: kuupiga mpira ukapaa juu ya ukuta hadi kwa mashabiki, kisha azunguke vituo vyote polepole kama mwenye shamba.

Historia yote ya mchezo huu ni ya watu hawa wawili kutafutiana dawa.

Zamani warushaji walitesa. Waliupaka mpira mate ili upinde njiani, na mpira mmoja ulitumika hadi ukawa mweusi. Mwaka 1920 ligi ikaanza kupiga marufuku mate. Agosti mwaka huo huo, Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira na kufariki. Baada ya hapo waamuzi wakawa wanatoa mpira mchafu na kuleta mpya, mweupe, unaoonekana.

Nani alifaidi? Babe Ruth, ambaye Yankees walikuwa wamemnunua kutoka Boston. Mwaka 1919 aliweka rekodi ya homurani 29. Mwaka 1920 akapiga 54! Kufikia 1927 alikuwa amefikisha 60 kwa msimu mmoja.

Warushaji walilipiza kisasi 1968. Bob Gibson wa St. Louis aliruhusu wastani wa alama 1.12 pekee kwa kila mechi kamili. Wapigaji walikauka kabisa. Wakuu wa ligi wakaona mashabiki watachoka, wakakata kichuguu kutoka inchi 15 hadi 10 kuanzia 1969.

Gurudumu likageuka tena. Mwaka 1998 Mark McGwire alipiga homurani 70 na Sammy Sosa 66. Marekani nzima ikasimama kushangilia. Kumbe! Mwaka 2010 McGwire mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akitumia dawa za kutunisha misuli.

Leo silaha ni data. Tangu 2015 kila uwanja wa ligi kuu una mitambo inayopima kasi ya mpira, mzunguko wake na pembe unayoruka ukitoka kwenye gongo. Wapigaji wakang’amua kwamba mpira wa chini hudakwa, ila ukiinuliwa vizuri huvuka ukuta. Mwaka 2019 zikapigwa homurani 6,776, rekodi ya ligi. Mwaka 2022 Aaron Judge wa Yankees akapiga 62 peke yake. Na Machi 29, 2025, Yankees walipiga tisa katika mechi moja, baadhi yao wakiwa na magongo mapya yaliyonenepeshwa pale mpira unapogonga zaidi.

Dawa ya moto ni moto, kwa hivyo warushaji walijibu kwa kasi. Wastani wa mpira wao wa kasi sasa umepita kilomita 150 kwa saa. Matatu yako ya kwenda kazini imefungiwa kidhibiti cha kilomita 80. Mpira huo hufika kwa mpigaji kwa takriban sekunde 0.4, yaani kufumba na kufumbua. Mwaka 2018, kwa mara ya kwanza, waliotolewa kwa straiki walizidi mapigo yaliyofaulu.

Noma, sivyo? Lakini kuna anayelipa gharama, nayo hulipwa kwenye kiwiko.

Ndani ya kiwiko kuna ukano mdogo unaoshikanisha mifupa. Kila mrusho wa nguvu zote huuvuta. Mwaka 1974 ukano wa mrushaji Tommy John ulikatika, na daktari Frank Jobe akaurekebisha kwa kano aliyoitoa katika mkono wake mwingine. John alirudi uwanjani 1976 na kucheza hadi 1989. Wakati huo ulikuwa muujiza. Leo upasuaji huo umebeba jina lake na ni jambo la kawaida, hata kwa vijana walio shuleni.

Desemba 2024 ligi yenyewe ilitoa ripoti kuhusu majeraha hayo. Kidole kilielekezwa kwenye uchu wa kasi, na tabia ya kurusha kila mpira kwa nguvu zote.

Na kusema ukweli, utamlaumu vipi kijana wa miaka 16? Skauti anakuja na mashine ya kupima kasi. Kijana anajua namba inayofungua mlango. Hakuna mashine inayompima subira.

Shohei Ohtani amefanyiwa upasuaji wa kiwiko mara mbili, 2018 na 2023. Mwaka 2024 hakurusha hata mpira mmoja katika mechi za ligi, lakini alipiga homurani 54 na kuiba vituo 59. Sawa, lakini Ohtani ana kazi mbili. Mrushaji wa kawaida ana mkono mmoja tu.

Usidhani haya ni ya mbali. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, hapo jirani Uganda, walikuwa wa kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za besiboli ya watoto, Pennsylvania. Katika mashindano hayo, mrushaji wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidi mipira 85 kwa siku. Kuna mtu mzima anayemhesabia.

Wewe je, ni nani anakuhesabia? Iwe ni mbio, gym, ngoma au vitabu vya usiku kucha, namba inayokupa sifa leo ndiyo inayoweza kukukata kesho. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Kwa hivyo vaa kofia yako, bana, imekutoa vizuri. Na siku ukihisi kiwiko kinauma, usirushe tena.