Keki na Chokoleti za Oda kutoka Majumbani Moshono

Biashara ya keki na chokoleti za oda, yaani kazi isiyoanza mpaka mteja aeleze shughuli yake, idadi ya wageni, rangi za sherehe na ladha anayoitaka, imeota mizizi majumbani katika miji mingi ya Tanzania. Kata ya Moshono, iliyo upande wa mashariki wa Jiji la Arusha chini ya Mlima Meru, ina sifa mbili za kimaumbile zinazoitofautisha kazi hiyo na inavyofanyika Dar es Salaam au Tanga, nazo ni mwinuko na ubaridi. Mwinuko humtaabisha mwokaji wa keki ilhali ubaridi humsaidia mtengenezaji wa chokoleti, na kwa kuwa mara nyingi kazi zote mbili hufanywa na mtu mmoja juu ya meza moja, hana budi kuzielewa sifa hizo kabla ya kufikiria mapambo.

Arusha ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa huwa pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi badala ya 100. Gesi inayotokana na bekingi pauda hukutana na hewa isiyoikandamiza vya kutosha, ikatanuka upesi na kuiumua keki kabla mayai na unga havijashikana, na matokeo yake keki hupanda vizuri ndani ya oveni kisha ikabonyea katikati inapopoa. Wakati huohuo maji hupotea kwa kasi na kuiacha sukari ikiwa nyingi kupita kiasi, jambo linalozidi kuilegeza keki. Kwa kuwa mapishi mengi yaliyomo vitabuni yamepimwa katika miji iliyo karibu na usawa wa bahari, mwokaji wa Moshono anayeyafuata neno kwa neno hupata keki iliyozama, akailaumu oveni au mayai bure. Marekebisho yenyewe si makubwa: bekingi pauda hupunguzwa kwa kiasi cha robo ya kipimo kilichoandikwa au chini ya hapo, sukari hupunguzwa kijiko kimoja cha chakula katika kila kikombe, maziwa au maji huongezwa vijiko viwili vitatu, na joto la oveni hupandishwa kwa nyuzi kama kumi ili keki ishikane mapema.

Kanuni hiyohiyo huigusa sharubati ya sukari inayomiminwa kwenye ute wa yai uliopigwa ili kupata krimu laini ya siagi. Mapishi yakitaka sharubati ifike nyuzi 118, mpishi wa Arusha huishusha jikoni inapofika 113 hivi, kwa sababu maji huondoka mapema na sukari hufikia ugumu uleule kwenye joto dogo zaidi. Akisubiri 118, krimu yake hutoka na vipande vigumu kama peremende. Kipimajoto cha sukari na mzani wa kidijitali kwa hiyo ni vifaa vya kununuliwa kabla ya mabati yenye maumbo ya mioyo na nyota.

Ubunifu katika kazi hii hufikiriwa vibaya mara nyingi, ukichukuliwa kuwa ni maua yanayobandikwa mwishoni. Mbunifu makini huanza na karatasi na penseli, akichora keki kwa vipimo, kwa sababu mchoro ndio unaoamua unene wa kila ngazi, aina ya keki itakayobeba uzito, na mahali pa kukaa vijiti vya kuhimili. Katika harusi za Arusha maswali ya mwanzo huhusu desturi: je, kuna keki ndogo za kuwakabidhi wazazi wa pande zote mbili, wasimamizi na viongozi wa dini, na je, kutakuwa na ndafu, yaani mbuzi aliyechomwa mzima, ambaye mshereheshaji humtambulisha kuwa ni keki ya asili? Jibu hubadili mpangilio wa meza nzima na ukubwa wa keki kuu, maana ukumbi wenye ndafu na keki ndogo sita hauhitaji keki ya ngazi saba. Kamati ya harusi inayotaka urefu kwa ajili ya picha inaweza kutengenezewa ngazi bandia za povu gumu zilizofunikwa fondanti, ambayo ni sukari iliyokandwa ikawa laini kama kitambaa, mradi kamati ielezwe wazi ni ngazi zipi zinazolika.

Ua moja la waridi la sukari linatosha kuonyesha muda unavyotumika. Kwanza hufinyangwa kitovu chenye umbo la pia, kikachomekwa kwenye waya na kuachwa kikauke, kwa kawaida usiku kucha. Siku ya pili petali hukatwa kutoka kwenye sukari iliyochanganywa na unga wa gundi ya chakula, na kila ukingo husuguliwa kwa kijiti chenye kichwa cha mviringo mpaka uwe mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Petali za ndani hukumbatia kitovu kwa kubanana na za nje hulegezwa na kukunjwa kuelekea chini, zikisubiriana zikauke, hivyo waridi moja lenye petali 15 au zaidi hugawanyika katika siku mbili au tatu. Mvua za masika huirefusha kazi hiyo, kwa kuwa sukari hunyonya unyevu wa hewa na petali hugoma kukauka. Uzuri huo si lazima uazimwe Ulaya, kwani shanga za Kimaasai na Kiarusha, jani la mgomba na tawi la mbuni lenye matunda mekundu vimo machoni mwa kila mkazi wa miteremko ya Meru, na vina mistari na rangi ambazo mbunifu yeyote angezitamani.

Chokoleti ina nidhamu nyingine. Chokoleti halisi ina siagi ya kakao, na mafuta haya yanapoganda hujipanga katika fuwele, yaani mpangilio wa chembe zilizoshikana, ambazo watafiti Wille na Lutton walizieleza mwaka 1966 kuwa na maumbo sita. Umbo la tano, linaloyeyuka karibu na nyuzi 34, ndilo linaloipa chokoleti mng'ao, sauti kali inapovunjwa na uwezo wa kuyeyuka mdomoni bila kuyeyuka mkononi upesi. Ili kulipata, chokoleti nyeusi huyeyushwa mpaka nyuzi 45 au 50, hupozwa kwa kukorogwa mpaka 27 au 28, kisha hupashwa tena mpaka 31 au 32, na hatua hiyo huitwa kutempa. Ikirukwa, chokoleti hubaki laini na baada ya siku chache hutokwa na ukungu mweupe wa mafuta unaomtisha mteja ingawa haudhuru afya.

Hapo ndipo ubaridi wa Moshono unapolipa. Chokoleti hupenda chumba cha nyuzi 18 hadi 22, hali ambayo Dar es Salaam huigharimia kwa kiyoyozi, lakini Arusha huipata bure katika siku nyingi za Juni hadi Agosti, ambapo chokoleti huganda mezani bila friji. Friji kwa kweli huiharibu chokoleti isiyofungwa vizuri, kwa sababu inapotolewa unyevu huigandia juu, ukayeyusha sukari na kuacha madoa. Januari na Februari, mchana unapopanda hadi nyuzi 28 au zaidi, kazi ya chokoleti hufanywa alfajiri. Wapo wanaokwepa taabu yote hii kwa kununua chokoleti ya kuigiza, ambayo siagi yake ya kakao imebadilishwa na mafuta mengine ya mimea. Hiyo haihitaji kutempwa na inafaa kwa mapambo, ila kuiuza kwa jina na bei ya chokoleti halisi ni kumdanganya mnunuzi.

Katika bei ndipo biashara nyingi za nyumbani zinapofia. Mwokaji huhesabu unga, siagi na mayai, akaongeza kidogo, akasahau gesi, umeme wa luku, maboksi, usafiri na hasa saa zake mwenyewe, zikiwamo za kuzungumza na kamati, kuchora, kukausha maua na kuunganisha ngazi ukumbini. Saa hizo ziandikwe daftarini kwa kila oda tangu simu ya kwanza, na malipo ya awali yachukuliwe kabla ya kununua chochote. Bei ya keki ya mwenzake mtaani haimsaidii, kwa kuwa hajui mwenzake anapata hasara kiasi gani.

Upande wa sheria, jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na usalama wa chakula tangu mwaka 2019 upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, huwasaidia wajasiriamali wadogo kufikia viwango hivyo, na chuo cha VETA cha hoteli na utalii kilichopo Njiro, mjini Arusha, ni mahali pa kutafuta mafunzo ya upishi.

Limebaki suala la kakao yenyewe. Tanzania hulima kakao nzuri, nyingi ikitoka Kyela mkoani Mbeya, na katika bonde la Kilombero kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza mwaka 2013, hununua mbegu mbichi kwa wakulima wadogo, huzichachusha na kuzikausha pamoja, kisha huziuza kwa watengenezaji wa chokoleti bora ng'ambo. Sehemu kubwa ya kakao ya nchi husafirishwa kabla haijawa chokoleti, huku majiko ya Arusha yakinunua chokoleti iliyotengenezwa nje. Ubunifu unaojivunia shanga na kahawa ya Meru lakini hauulizi asili ya kakao yake umeishia nusu ya njia. Mteja anayelipia keki ya harusi Arusha ana haki ya kuuliza kakao imetoka wapi, na anaombwa aulize.